Wizi wa dukani Nairobi: maswali wenye maduka huuliza kila mara kuhusu kuripoti polisi na kupeana ushahidi

Haya ni maswali yenye watu wa maduka hurudia kila wiki, kuanzia wa nguo Eastleigh na wa simu Luthuli Avenue mpaka wa minimati za mtaani Kasarani, Umoja na Kawangware. Wengi wakiibiwa ama wanamchapa mtu ama wananyamaza, na zote mbili zinamwacha mwizi akienda duka la jirani wiki ijayo. Soma yenye inakuhusu. Kama uko na mtu mkononi saa hii, ruka moja kwa moja mpaka swali la 4.

## Mambo ya kwanza

1. Kitu chenyewe ni cha shilingi mia tatu. Kweli niende stesheni?

Enda. Kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wizi adhabu yake ni hadi miaka 3 jela, na hakuna mahali kimeandika eti lazima kitu kiwe cha bei fulani ndio kihesabike. Thamani ataiangalia hakimu wakati wa hukumu, si wewe kaunta.

Halafu fikiria hivi, mtu wa kuingia na jaketi kubwa saa saba mchana kwa jua akachukua deodoranti mbili hajaanzia kwako na hataishia kwako. Maduka matatu ya laini moja yakiwa na ripoti zao kwa kitabu, mpelelezi ana kitu cha kushika. Mkinyamaza wote watatu, kila mmoja wenu anabaki na stori tu.

2. Niripoti wapi?

Stesheni yenye inasimamia eneo la duka, si ya kwenu nyumbani. Katikati ya mji itakuwa Central ama Kamukunji kulingana na upande wenye uko, mitaani ni ile ya karibu. Kama kuna vurugu ama silaha piga 999 au 112 kwanza. DCI, wale wapelelezi wa jinai, wako na laini ya bure, 0800 722 203, nzuri kama unajua genge linafanya kazi mtaa wenu na unaogopa kujitokeza, lakini kupiga hiyo simu hakuchukui nafasi ya OB (swali la 3).

3. OB ni nini, na nisitoke stesheni bila nini?

OB ni kile kitabu cha matukio pale ripoti ofisi. Kila ripoti inaandikwa na kupewa namba, na ni bure kabisa, hakuna pesa ya kitabu, ya kalamu wala ya karatasi. Usitoke bila namba ya OB, saa yenye imeandikwa, na jina na simu ya afisa mwenye amepewa kesi. Kama uko na bima omba pia abstract, karatasi ya polisi ya kuonyesha uliripoti, watu wa bima wataiulizia.

Ukiandikisha taarifa, sema chenye uliona kwa macho yako. Taarifa mbovu ni "huyu jamaa ni mwizi na aliniibia." Taarifa ya maana inakaa hivi: "Saa nane na dakika kumi nilikuwa kaunta. Nilimwona mwanaume wa kofia nyeusi akitoa pakiti mbili za maziwa ya unga kwa rafu ya pili, akaziweka ndani ya jaketi upande wa kushoto. Alipita keshia bila kulipa. Nilimsimamisha hatua kama tatu nje ya mlango, tukiwa na soja. Kila pakiti tunauza shilingi 890." Chenye uliambiwa na mwingine sema uliambiwa na nani, huyo naye aje aandikishe yake. Kiswahili ni sawa. Soma kabla usaini, na kama afisa ameandika kitu hukusema mwambie arekebishe hapo hapo.

## Ukimshika mtu

4. Nimemshika saa hii. Nifanye nini?

Sheria inakuruhusu. Kifungu cha 34 cha sheria ya taratibu za kesi za jinai kinampa mwananchi wa kawaida uwezo wa kumshika mtu mwenye amefanya kosa kama wizi mbele yake, na cha 35 kinamlazimisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hiyo sehemu ya pili ndio watu husahau. Yale masaa 24 ya Katiba kifungu cha 49 ni muda wa kumfikisha mtu kortini, si ruhusa ya wewe kumweka stoo mpaka jioni bosi arudi kutoka Gikomba.

Kwa hivyo piga simu kwanza. Mweke mahali pa wazi, wafanyakazi wawili wakiwepo, na kama ni mwanamke mmoja wenu awe mwanamke. Muulize arudishe kitu. Akikataa usimvue nguo na usipekue mwili wake, ngojea polisi wafanye hiyo kazi yao. Vitu vikitoka viweke kwa mfuko safi vikiwa na lebo ya bei, visirudi kwa rafu, na andika saa.

Watu huuliza kama lazima apite keshia kwanza. Kisheria kuchukua kunaanza kitu kikisogezwa kwa nia ya kuiba, lakini hiyo nia utaionyesha aje kama bado yuko katikati ya duka? Atasema alikuwa anaenda kulipa na pengine ni ukweli. Ngoja apite mahali pa kulipia, kesi inakuwa na miguu.

5. Umati umeanza kujaa nje. Nifanye aje?

Funga mlango, yeye akiwa ndani, na mwambie polisi kwa simu kuwa kuna umati ndio waharakishe. Na tangu mwanzo usipige kelele ya "mwizi". Sote tunajua hilo neno likitamkwa kwa sauti River Road ama Gikomba nini hufuata, na watu wamekufa kwa hii mji juu ya vitu vya bei ya chakula cha mchana. Hakuna stoku yenye inafaa uhai wa mtu.

Hata ukiweka utu kando, kumchapa ni kosa lako wewe. Ataenda stesheni na P3, ile fomu ya polisi ya kuonyesha majeraha, kesi yako ya pakiti ya maziwa inageuka kesi ya shambulio na wewe ndio mshukiwa, na ile kamera yako ndio shahidi wao. Chenye alikiri akichapwa nacho hakitakusaidia kortini.

6. Kuna duka limebandika "ukishikwa utalipa mara kumi". Naeza fanya hivyo pia?

Usifanye. Najua imekuwa kawaida, mtu anapelekwa ofisi ya nyuma, anaambiwa atume elfu tano kwa M-Pesa ndio asiitiwe polisi, anapigia dadake, pesa inaingia, anaachiliwa. Kifungu cha 118 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kuchukua pesa ama faida yoyote kwa makubaliano kwamba utaficha kosa kubwa au hutashtaki ni kosa lenyewe, na wizi unahesabika kosa kubwa hata ukiwa wa kitu kidogo. Kwa hivyo aliyeibiwa anajifanya mkosaji, na ushahidi uko kwa mesej za simu yake mwenyewe.

Kurudishiwa pakiti yako ni haki yako. Kuuza ukimya wako ndio shida. Kama nia yako ni kusamehe kuna njia, angalia swali la 17.

7. Ni mtoto wa shule. Bado polisi?

Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 mtoto hajafika miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai kabisa, na wa miaka 12 mpaka chini ya 14 sheria inaanza na dhana kwamba hakuwa anaelewa, mpaka ithibitishwe vingine. Tafuta mzazi ama shule. Ukiona mtoto anaiba mkate kila siku kuna kitu nyumbani, piga 116, laini ya watoto, ni bure. Akiwa mkubwa kidogo na ni mara ya tano ripoti, sheria iko na njia ya kumrekebisha nje ya korti. Usimpige picha, usimfungie, usimvalishe bango shingoni.

## CCTV na ushahidi mwingine

8. Video peke yake inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Video inaonyesha mtu akichukua kitu, lakini korti itauliza huyo ni nani, kitu kilikuwa cha nani, kilikuwa cha bei gani, na nani aliona. Kwa hivyo unahitaji shahidi mwenye anamtambua kwa sura, na karatasi za kuonyesha mali ni yako: risiti ya holseli, rekodi ya stoku, barkodi. Mwenye kibanda bila risiti asikate tamaa, mesej za M-Pesa zenye ulimlipa sapulaya na daftari lako la kila siku ni ushahidi pia, mradi liliandikwa siku ile na si jana usiku.

9. Natoa video kwa kamera aje bila kuiharibu?

Hapa ndio kesi nyingi hufia, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Toa siku hiyo hiyo. DVR, ile mashine ya kurekodi video za kamera, ikijaa inaandika juu ya rekodi za zamani, na kwa duka dogo lenye hard disk ni ndogo hiyo ni siku chache tu. Nimeona watu wakingoja fundi wa kamera mpaka Jumatatu, anakuja, ya Alhamisi imeshafutika.

Kabla uguse chochote angalia saa ya DVR. Nyingi ziko mbele ama nyuma, juu stima ikipotea na kurudi hakuna mtu huirekebisha. Piga picha moja yenye inaonyesha skrini ya DVR na saa ya simu yako kando yake, uandike tofauti ni dakika ngapi. Usirekebishe saa kwanza, hiyo tofauti ni sehemu ya ushahidi. Bila hivyo wakili atauliza mbona taarifa yako inasema saa nane na video inasema saa tano asubuhi.

Halafu toa kwa flashi mpya isiyo na kitu, kwa fomati yenye mashine inatoa yenyewe, pamoja na ile programu ya kuichezea kama DVR inaipeana. Anza dakika kama kumi kabla aingie mpaka atoke, na kamera zote, hata ya nje na ya keshia, juu hiyo ya keshia ndio inaonyesha hakulipa. Usikate, usizungushie duara nyekundu, usiongeze mwangaza, usirekodi skrini na simu ukasema imetosha. Tengeneza nakala mbili, moja ya polisi na moja yako yenye haitoki kwa kabati. Andika nani alitoa, siku gani, saa ngapi, na modeli na serial namba ya DVR. Utahitaji haya kwa swali linalofuata.

10. Hii cheti ya 106B kila afisa anaitaja ni gani?

Ni karatasi yenye kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka iambatane na ushahidi wa kielektroniki, video, picha ya simu, hata rekodi ya stoku iliyoprintiwa. Inasema rekodi ni gani, ilitolewa aje, kwa mashine gani, na mashine ilikuwa ikifanya kazi vizuri wakati huo. Inasainiwa na mtu mwenye kusimamia hiyo mashine, kwa hivyo kama ni supavaiza wako ndiye hutoa video, asaini yeye na si wewe mwenye duka mwenye hujui hata paswadi. Na aelewe anaeza itwa kortini kueleza.

Mahakama zimekataa rekodi nzuri kabisa juu ya kukosa hii karatasi moja. Afisa mpelelezi atakusaidia na mpangilio wake, lakini maelezo ni yako.

11. Afisa anataka kubeba DVR yote. Nikatae?

Usipigane naye. Mwambie kwa heshima uko tayari kumpa nakala na cheti, mara nyingi atakubali. Kama bado anaihitaji, pengine kesi ni nzito, toa nakala yako kwanza, kisha akuachie orodha iliyosainiwa na wote wawili, ikiwa na namba ya mashine, jina lake, namba yake ya kazi na namba ya OB. Vitu vyote unavyopeana, hata flashi, peana hivyo. Korti ikiuliza flashi ilipitia mikono ya nani kutoka dukani mpaka hapo, jibu liko kwa karatasi.

12. Nimtumie tu kwa WhatsApp?

Ya kumsaidia kumtafuta mtu haraka, sawa, kwa namba ya afisa wa kesi peke yake. Lakini WhatsApp inabana video na sura inapotea, kwa hivyo ya kortini bado ni ile ya flashi.

## Picha za watu na faragha

13. Naeza mposti Facebook ama kwa grupu ya wenye maduka?

Facebook hapana. Picha ya mtu ni data yake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na uliirekodi kwa sababu ya usalama, si kuianika. Mwaka 2023 kamishna wa data alipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini, na huyo mteja hakuwa ameshukiwa chochote. Ongeza neno "mwizi" juu ya picha na umejiletea kesi ya kuchafua jina, maana kwa Katiba huyo mtu hana hatia mpaka korti iseme. Na ukikosea sura? Kuna mtu atapigwa steji juu ya posti yako.

Kwa grupu ya maduka ya jirani andika maneno: saa, mavazi, mbinu yenye walitumia, namba ya OB. Hiyo inatosha watu kuwa macho. Kama polisi wanaona picha inafaa kutolewa, waitoe wao.

14. Duka langu ni dogo, lazima nijisajili juu ya kamera?

Watu hudhani biashara ya chini ya milioni tano kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi imesamehewa. Kanuni za usajili za 2021 zinaweka kando kazi fulani zenye hazina huo msamaha, na CCTV ya kuzuia uhalifu imetajwa. Jisajili na ofisi ya kamishna wa data. Bandika pia tangazo mlangoni kwamba kuna kamera, na usiwahi kuweka moja kwa chumba cha kujaribia nguo.

## Baada ya kuripoti

15. Wiki tatu zimepita, hakuna kitu. Ama afisa anaomba ya mafuta.

Anza na simu kwa afisa wa kesi ukitaja OB, halafu enda kwa OCS mwenyewe, yaani mkuu wa stesheni, na barua fupi yenye tarehe, nakala yako igongwe muhuri. Hiyo barua ina nguvu kuliko kelele za kaunta.

Pesa ya mafuta usitoe. Kutoa na kupokea zote ni makosa chini ya Sheria ya Hongo ya 2016. Kama inaombwa andika nani, lini na wapi, upeleke kwa IPOA, wenye husimamia mwenendo wa polisi, laini yao ya bure ni 1559, ama kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Najua ni rahisi kuandika na ngumu kufanya, hasa kama huyo afisa hupita dukani kila jioni. Enda mkiwa wengi, wenye maduka watano na barua moja.

16. Vitu vyangu vitarudi lini?

Vikiwa vielelezo vinakaa na polisi mpaka kesi iishe ama hakimu aamuru. Vya kuharibika kama nyama ama maziwa, mwambie afisa mapema vipigwe picha na ombi lipelekwe kortini virudishwe. Usivichukue kimyakimya kutoka stesheni, utaua kesi yako.

17. Familia yake imekuja kuomba msamaha. Naeza toa kesi?

Unaeza omba. Kesi ikiwa kortini, kifungu cha 204 cha sheria ya taratibu za kesi za jinai kinamruhusu mlalamishi kuomba kuondoa malalamiko, lakini hakimu lazima aridhike na sababu, na mashtaka yenyewe ni ya DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, si yako. Mambo ya kulipwa hasara yasemwe hapo wazi, mbele ya kiongozi wa mashtaka. Usitoroke tu kuja kutoa ushahidi, ukiitwa kwa samansi na ukose unaeza tolewa hati ya kukamatwa wewe.

## Kesi zenye si za kawaida

18. Mwizi ni mfanyakazi wangu.

Adhabu inapanda, kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu ni hadi miaka 7. Ripoti kama kawaida, lakini upande wa kazi usimfukuze kwa hasira: Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 41 inataka asikizwe kwanza, akiwa na mwenzake wa kazi. Wengi wameshinda kesi ya wizi na kulipa fidia ya kufukuza vibaya.

19. Alionyesha mesej feki ya M-Pesa akaenda na bidhaa.

Hapo kosa ni kupata mali kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 3. Toa taarifa ya akaunti yako ya Lipa na M-Pesa ya siku hiyo kuonyesha hakuna pesa iliingia, na kama mesej ilitumwa kwa simu yako usiifute wala usiitume mbele, nenda na simu yenyewe.

20. Alitoa kisu soja alipomzuia.

Mwache aende. Kutumia nguvu ama silaha kunageuza wizi kuwa unyang'anyi, kosa zito sana, na polisi watalichukulia hivyo ukiwaeleza hilo jambo kwanza unapopiga 999. Soja akiumia aende hospitali na P3 siku hiyo. Usioshe wala usiguse chenye mtu aliangusha.

21. Nimemsimamisha mtu na kumbe alikuwa amelipa.

Omba msamaha papo hapo, mbele ya wale wale waliomwona akisimamishwa. Mpe jina lako na umwache aende, usimshikilie kutafuta kosa lingine. Kama polisi walishaitwa wapigie uwaambie ukweli, juu kumdanganya afisa ili mtu asumbuliwe ni kosa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu. Na ile video usiifute. Akikushtaki, kufuta kutaonekana kuwa ulikuwa unaficha, wakati pengine inaonyesha ulikuwa na sababu ya kushuku na ulimshughulikia kwa heshima dakika zote.